Majina Kumi na Moja kwa Mwandiko Mmoja

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili huwa silisemi kwa sauti kubwa. Nitakwenda polepole, na pale utakapoona nimeruka kitu, nirudishe. Kazi yangu ni kuwafundisha maofisa wa kata na vijiji namna ya kuandaa mikutano ya wananchi: kuwaita watu, kuwasikiliza, na kuandika walichosema bila kukigeuza. Nimeifanya kazi hii hapa Songea kwa miaka kadhaa sasa, na wengi huniambia naifanya vizuri. Kila ninapoambiwa hivyo, kuna kitu kinanikwaruza ndani. Hicho ndicho ninachotaka kukueleza.

Kabla sijawa mwalimu nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kawaida. Nilipanga chumba na sebule Lizaboni. Asubuhi napanda bodaboda kwenda ofisini, jioni napita gengeni kuchukua mboga na nyanya, narudi kupika. Mwaka mmoja ofisi ilituchagua watu wachache tuhudhurie mafunzo ya wiki nzima kuhusu ushirikishwaji wa wananchi. Yalifanyika kwenye ukumbi wa kukodi mjini, wenye viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kivivu, kana kwamba nayo ilikuja kwa barua ya kulazimishwa.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kufundisha watoto katekisimu. Siku ya kwanza hakuwasha kompyuta. Alisimama tu katikati yetu akauliza mkutano wa wananchi ni wa nini. Tukajibu kama tulivyozoea: kupitisha miradi, kutoa taarifa, kuhamasisha.

"Kuhamasisha nani afanye nini?" akauliza. "Mmeshaamua, halafu mnawaita waje wawapigie makofi. Huo si mkutano, hiyo ni harusi. Harusini bwana na bibi wameshachaguana, wageni kazi yao ni kula."

"Na wakati mwingine hata kula hakuna, Mwalimu," mwenzetu mmoja akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wiki ile alitufundisha kwamba kazi kubwa ya mkutano hufanyika kabla ya mkutano. Kwanza ujiulize kwa uaminifu ni uamuzi gani ambao bado uko wazi. Kama hakuna, usiwadanganye watu kwamba umekuja kuwauliza. Waambie umekuja kuwatangazia, wakusikilize wakijua. Kisha ujue ni nani uamuzi huo utamgusa kwenye maji yake, njia yake, shamba lake. Na baada ya hapo kulikuwa na swali alilolirudia mpaka tukalisema naye kwa pamoja kama sala: nani hatakuwepo, na kwa nini? Alisema jibu la swali hilo ndilo litakalokupa siku ya mkutano, saa yake na mahali pake. Si kalenda ya ofisi.

Ili tuone kwamba hatanii, alitutoa nje siku ya tatu. Mimi na wenzangu wawili tulipelekwa Bombambili kuwauliza akina mama wenye meza za mboga wangependa mkutano uwe saa ngapi. Wote walituambia alasiri, jua likianza kulegea, kabla wateja wa jioni hawajaanza kutoka makazini. Mmoja akatuuliza, "Kwani nyie siku zote mnatuitia saa nne asubuhi ili tusije?" Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kwamba saa nne ilikuwa saa yetu sisi, saa ya watu waliomaliza chai ya ofisini.

Siku ya mwisho nilisimama mbele nikaeleza tulichojifunza. Nilieleza vizuri, sitajifanya. Mwalimu alinishika mkono akasema, "Wewe una sikio." Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa kuku.

Wiki tatu baadaye nilitumwa kwenye kijiji kimoja nje ya mji, njia ya kuelekea Maposeni. Jina lake nitaliacha, kwa sababu aliyekosa si kijiji. Kulikuwa na mradi wa maji ya bomba yanayoshuka kutoka chanzo cha mlimani. Kijiji kilikuwa na vitongoji vitano, na mradi ulitosha vilula vinne. Kilula ni ile nguzo ya zege yenye koki ambapo watu wa eneo zima wanachota maji. Vitongoji vitano, vilula vinne: lazima kimoja kikose.

Fundi wa maji alikuwa na michoro miwili. Wa kwanza ulilivusha bomba juu ya kijito hadi kitongoji cha ng'ambo, na kitongoji cha karibu na shule kingechota kwenye kilula cha jirani, mwendo mfupi tu. Wa pili ulifuata barabara, rahisi kuchimba, ukapita ofisi ya kijiji, shule na maduka. Ng'ambo wangebaki na kijito chao na mlima wao wa kupanda na ndoo. Wanakijiji ndio waliotakiwa kuchagua. Uamuzi ulikuwa wazi kabisa, kama mwalimu wetu alivyotaka uamuzi uwe. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba wanaochagua ni wao wote.

Ilikuwa Desemba na mvua za kwanza zilikwisha kunyesha. Nilimpigia simu mtendaji wa kijiji, yule mwajiriwa anayeshika daftari na mhuri, nikamuuliza nani hatakuwepo.

"Ng'ambo wote wako shamba, Afisa," akasema bila kufikiri. "Mashamba yao yako mbali, wanalala huko huko kwenye vibanda. Watarudi wakimaliza palizi."

"Palizi inaisha lini?"

"Mwezi wa pili hivi, Mungu akipenda."

"Jumapili je, hawaji kusali?"

"Jumapili wanakuja wengi. Wanakuja misa ya kwanza, wanapita nyumbani kuona wazee, mchana wanarudi."

Unaona? Swali lilifanya kazi yake. Lilinipa siku, saa na mahali: Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nje ya kigango, kanisa lao dogo. Nilikuwa na jibu lote mkononi. Nikamweleza mkuu wangu wa kazi, akasema ofisi inataka muhtasari uwe mezani Ijumaa, kabla watu hawajaenda likizo ya Krismasi. Ningeweza kubishana naye. Hakuwa mtu mkali. Kama ningemweleza mara ya pili, nadhani angenielewa. Ningeweza pia kukodi bodaboda nikawafuata watu vibandani. Nilitazama matope nje ya dirisha, nikatazama viatu vyangu, nikapanga mkutano Jumatano saa nne asubuhi.

Tulikutana kwenye darasa moja la shule ya msingi, watoto wakiwa wamefunga shule. Mvua ilitishia lakini haikunyesha. Hapa niruhusu nikueleze jambo moja la kiofisi. Mkutano mkuu wa kijiji una idadi ya chini ya watu. Isipofika, mlichoamua ni mazungumzo tu. Idadi hiyo tunaiita akidi. Ushahidi wa akidi ni karatasi ya mahudhurio, ambapo kila mtu anaandika jina na sahihi yake, na karatasi hiyo inabanwa pamoja na muhtasari. Wakubwa wanaosoma muhtasari huko mbele hawakuona watu. Wanaona karatasi.

Karatasi ilizunguka, ikarudi kwa mtendaji. Akahesabu, akahesabu tena, akanong'ona kwamba wamepungua kumi na moja.

Mbele kabisa alikaa mama mmoja wa kitongoji cha shule, mnene, mcheshi, na ndoo ndogo ya togwa miguuni. Masikio yake hayakupitwa na kitu.

"Kumi na moja tu?" akasema. "Leta karatasi hapa. Wenzetu wa ng'ambo wako kwenye matope, nani atawatetea kama si sisi?"

"Wasainie, mama, wasije wakaongezewa mtaro!" sauti ikatoka nyuma.

"Ya shemeji yangu uifanye kubwa," mzee mmoja akadakia. "Ana maringo yule, ukimwandika kidogo atasema si yeye."

"Na ya mume wake je?"

"Ya mume wake naikunja pembeni, kama anavyokunja mdomo akiombwa chumvi."

Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Yule mama aliinama akaandika majina ya majirani zake mmoja mmoja, ulimi nje kidogo kama mwanafunzi kwenye mtihani, na kila jina akalipa mchoro wake wa sahihi. Hakusahau mtu.

Usimwone mbaya. Kijiji kile kilikuwa na utaratibu kwamba asiyefika mkutanoni bila sababu anaongezewa kipande cha mtaro kwenye kazi ya kijiji. Kwa hiyo kumsainia jirani aliye shamba ulikuwa ujirani mwema, kama kumwanulia mahindi mvua ikianza. Aliyesaini leo husainiwa kesho. Hakuna aliyekuwa akifikiria vilula pale. Walikuwa wanawaokoa wenzao na jembe.

Aliyefikiria vilula nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyejua kwamba karatasi hiyo hiyo inayomwokoa mtu na mtaro itasema pia kwamba alikuwepo, alisikia michoro miwili, na alichagua. Mtendaji aliitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. Alikuwa mtu mwangalifu. "Akidi imetimia, Afisa," akasema polepole. "Au unasemaje?"

Alinipa nafasi. Alinifungulia mlango kabisa, nikaona ulivyo wazi.

"Tuendelee," nikasema.

Watu walioketi walichagua mchoro wa barabara, na kwa nini wasichague? Maji yalikuwa yanapita mlangoni kwao. Nikauliza wanaopinga, mikono haikuonekana. Nilipiga picha ya mkutano nikiwa nimechuchumaa, kwa sababu ukipiga kutoka chini madawati matupu ya nyuma hayaonekani. Kisha nikaandika muhtasari wangu, safi, wenye vichwa vya habari, na katika sehemu ya maazimio nikaweka kwamba wananchi wa vitongoji vyote vitano walikubaliana kwa kauli moja. Ijumaa asubuhi ulikuwa mezani. Nilisifiwa.

Mwezi wa tatu mwanzoni nilikuwa ofisini, nikila hindi la kuchoma nililolificha kwenye droo, akaingia mama mmoja wa umri wa mama yangu mdogo. Vitenge vyake vilikuwa na matope hadi magotini. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe afisa wa mikutano?"

Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. Alitoka ng'ambo ya kijito. Alikuwa akimtunza mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja, na mtu wa namna hiyo anahitaji kuoshwa, na mashuka yake kufuliwa, mara nyingi kwa siku. Alikuwa anashuka kijitoni na kupanda mara saba, mara nane. Jumapili walipokuja misa kutoka shamba waliambiwa tu kwamba maji yanakuja, wakafurahi. Waliporudi palizi ilipokwisha wakakuta mambo yamewekwa kufuata barabara na mtaro umeanza, na kila waliyemuuliza akawaambia yaliamuliwa mkutanoni.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Hivi ule mkutano, sisi tulihesabiwa kama nani?"

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana ya Desemba ningeweza kusema nilibanwa na muda. Hii ya Machi hakuna aliyenibana. Nilinyoosha mkono nikatoa faili. Nikalifungua, nikageuza karatasi ya mahudhurio imwelekee yeye, nikaweka kidole changu chini ya jina lake.

"Mama, wewe ulikuwepo," nikasema kwa upole. "Jina lako hili hapa. Na sahihi."

Aliisogelea karatasi. Alikuwa anajua kusoma. Nikamwona macho yake yakienda kwenye jina lake, kisha la mume wake, kisha yakashuka jina kwa jina hadi mwisho wa wale kumi na moja. Alikuwa ameutambua mwandiko. Wamekaa na yule mama wa togwa jumuiya moja miaka yote, wameandikiana michango ya misiba kwenye daftari lile lile. Alielewa kilichotokea kabla sijavuta pumzi. Na alielewa pia kwamba akisema "sikuwepo", nitauliza ni nani basi aliyeandika.

"Ah," akasema mwishowe. "Kumbe."

"Ndiyo, mama."

"Basi kama nilikuwepo, nilikuwepo."

Akainuka, akakaza kitenge, akaniaga kwa kunitakia kazi njema. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kama nilivyofundishwa kwetu kumsindikiza mgeni. Niliporudi mezani hindi lilikuwa limepoa, na sikulimaliza. Lakini faili nililirudisha mahali pake.

Nimefikiri mara nyingi juu ya lile "kumbe". Jirani alimsainia kwa upendo. Yeye akanyamaza kwa upendo. Mimi nikasimama katikati, na upendo wao nikaufanya kufuli.

Kama ningekuwa mtu wa kulala macho, ningekwambia sikulala. Nililala. Mwaka ulikwisha, vilula vinne vikafunguliwa, nikapandishwa cheo, nikaombwa nianze kufundisha wengine. Na kwa kuwa muhtasari wangu ule ulikuwa umeandikwa vizuri, ofisi iliuchagua uwe mfano. Ukatolewa nakala. Kwa vikao viwili niliwagawia watu kwa mikono yangu, nikiwaonyesha jinsi maazimio yanavyoandikwa kwa lugha fupi na mahudhurio yanavyoambatanishwa.

Kwenye kikao cha tatu kulikuwa na afisa mmoja kutoka Tunduru, baba mtaratibu mwenye kofia ya kufuma. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, niwie radhi, wallahi sitaki kukuvunjia heshima. Hawa watu kumi na moja wa mwisho, ni ndugu?"

"Kwa nini?"

"Mkono wao mmoja."

Watu wakageuza kurasa. Kikapita kicheko kidogo, cha wanaojuana.

"Kwetu huko tunaita kusaidiana," mmoja akasema.

"Hata kwetu," mwingine akaongeza. "Mimi nina mama mmoja kwenye kata yangu, anasainia mpaka marehemu."

Wakacheka kwa nguvu. Yule wa Tunduru hakucheka. "Mimi pia nimeyafanya, Mwenyezi Mungu anisamehe," akasema. "Nauliza tu, maana huu tumepewa kama mfano. Tufuate na hapo?"

Nilisimama mbele yao na chaki mkononi. Ningeweza kusema, vizuri, umeona kosa, niliweka makusudi ili niwapime. Uongo huo ulikuja tayari umevaa nguo. Nilifungua mdomo, nikasema, "Msifuate. Huo muhtasari ni wangu na ni wa uongo." Kisha nikawapa mapumziko ya chai, ingawa saa ya chai ilikuwa bado.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda ng'ambo. Nilivuka kijito kwa mawe, nikapanda ule mlima bila ndoo, na bila ndoo nilipumzika mara mbili. Nilimkuta yule mama uani anasuuza mashuka, mama mkwe wake amelazwa kwenye mkeka juani, amefunikwa vizuri. Nikawaamkia wote wawili. Nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba siku ile ofisini nilijua hakuwepo, na nilijua hata kabla hajaingia.

Hakuacha kusuuza.

"Nilikuona," akasema. "Uliposema 'ulikuwepo' macho yako yalikwenda dirishani. Nikasema moyoni, huyu mtoto anajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimtaje mwenzangu? Yule ndiye aliyekaa hapa wiki mbili nilipougua mimi, akamgeuza huyu bibi kama mtoto wake." Akakamua shuka, akalitundika. "Hata yeye hajui kama najua. Ukimgusa, maji yako sitayanywa, hata ukiyaleta mpaka kitandani."

Nikamwahidi kwamba simgusi. Nikamuuliza anataka nini.

"Ninataka niulizwe," akasema. "Kuulizwa tu kama wengine. Nikishindwa mkutanoni, nimeshindwa, nitapanda mlima wangu kimya. Lakini huu mlima nimeupanda kwa jina langu mwenyewe, na sikulitoa mimi."

Nikaandika barua kwa ofisi. Sikumtaja mtu. Nilisema kwamba afisa aliyesimamia mkutano ule, yaani mimi, alipokea majina ya watu ambao hawakuwepo akijua hawapo, na kwamba uamuzi ule haukuwa na akidi. Niliomba mkutano mpya. Nilipata barua ya onyo, na niliistahili, na mkutano pia nilipata.

Ulifanyika mwezi wa saba, mavuno yakiwa yamekwisha, watu wote nyumbani wamejifunika makoti na vitenge kwa baridi yetu ile. Tuliufanyia ng'ambo, uani kwa yule mama anayemuuguza mkwewe, ili wanaoamua wapande kwanza. Yule mama wa togwa alifika akihema, akakaa chini, akasema mbele ya wote, "Jamani, hapa mnapandaje na ndoo?" Nilieleza kilichotokea nikijitaja mimi peke yangu. Alinitazama sana nilipofika kwenye majina kumi na moja. Mimi sikumtazama. Lakini alinyanyuka mwenyewe.

"Afisa anajibebesha mzigo wote," akasema. "Mkono ulikuwa wangu. Nilidhani nawaokoa na mtaro."

"Ulituokoa na mtaro kweli," yule mama wa ng'ambo akamjibu kutoka upande wa pili. "Ila ulituokoa na maji pia."

Watu walicheka mpaka mama mkwe kwenye mkeka akatabasamu kwa upande wake mmoja. Wale wawili walikuwa wameketi pamoja kabla mkutano haujaisha.

Fundi alieleza kwamba sasa bomba linaweza kuvushwa kutoka kilula cha shule, ingawa maji yatapungua kasi kidogo kwa watu wa upande wa barabara. Walibishana karibu saa mbili. Wengine walikataa kabisa, na nikaandika kwamba walikataa, na kwa sababu gani. Walio wengi walikubali. Mtaro ulichimbwa na vitongoji vyote vitano, hadi ukingo wa kijito na kupanda.

Ningependa nikwambie maji yamefika. Hayajafika. Mradi wa kwanza ulikuwa umeshafungwa, na bomba la kuvushia linasubiri mpango mwingine. Nafuatilia kila mwezi, na kila mwezi naambiwa bado. Nyasi zimeanza kuota ndani ya mtaro. Yule mama anashuka na kupanda. Kama ningepanga mkutano ule Jumapili, bomba lingevushwa wakati mafundi na vifaa vyao wakiwa pale pale. Nikikutana naye mjini siku za soko ananisalimu kwa furaha, ananiuliza habari za watoto, haniulizi habari za maji. Ninatamani aniulize.

Basi, kama wewe nawe unasimamia mikutano, fanya hivi. Andaa karatasi mbili, siyo moja. Ya kwanza ni ya waliofika. Ya pili ni ya wenye udhuru, ambapo jirani anaruhusiwa kuandika jina la mwenzake aliye shamba, au msibani, au anayeuguza, ili asiadhibiwe. Kisha chukua ile ya kwanza uisome kwa sauti, jina moja moja, kila mtu aitike mwenyewe. Asiyeitika, mfute. Akidi ikivunjika, washukuru watu, funga mkutano, na uende na karatasi ya pili mkononi ukawaulize walioandikwa humo wataweza kufika siku gani.